Mwalimu wa Kona za Mviringo

Watu wakiniuliza ni nani alinifunza mambo ya kompyuta, huwa nawaambia hakuna aliyenifunza, niliudhiwa tu mpaka nikajua. Na aliyeniudhi ni mtu mmoja. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu sekondari, akafungua darasa la kompyuta hapa Kitengela, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Chumba kimoja, mashine saba, harufu ya dawa ya kupe ikipanda kutoka chini mchana kutwa. Kila mtu alimwita Mwalimu. Sijui kama kuna aliyewahi kumuuliza jina lingine.

Kabla sijamsema, nijiseme kidogo, ndiyo ujue anayelalamika si mtu wa bure. Niliacha shule darasa la sita. Nilianza kuchomelea vyuma chini ya turubai, na grainda ya kuazima. Leo niko na karakana ya mabati, mafundi kumi na mmoja, lori mbili, na ukitoka Kitengela ukielekea Isinya huwezi kutembea dakika tano bila kupita geti langu. Sijisifu. Nenda uangalie.

Kwa Mwalimu nilienda na haja moja. Kulikuwa na mtaa mpya unajengwa, nyumba arobaini ndani ya ua mmoja, na kamati ya wenye nyumba ilitaka fundi mmoja wa mageti yote. Arobaini, na lile kubwa la mbele. Fundi wa barabarani akipata kazi kama hiyo haitwi tena fundi wa barabarani. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mpole wa kutisha, aliniambia, "Fundi, sisi hatuna wakati wa kutembea karakana kwa karakana. Tuletee tovuti yako. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tutaifungua kwa simu zetu tukiwa mkutanoni, na tukipenda tutakupigia pale pale."

Sikuwa na tovuti. Nilikuwa na wiki tatu. Nikaambiwa, panda juu ya dawa za ng'ombe, kuna mzee.

Ukurasa wenyewe ulikuwa tayari siku ya nne. Hilo nalisema kwa haki. Kila geti lilikaa ndani ya kisanduku chake: picha juu, maneno mawili matatu katikati, na chini kabisa, katikati ya mstari, namba yangu ya simu kwa tarakimu kubwa. Mimi ndiye niliyetaka ziwe kubwa. Mtu akitafuta fundi hatafuti mashairi, anatafuta namba. Nilifurahi, nikasema tu neno moja la ziada, neno ambalo nalijutia mpaka leo.

"Mwalimu, hizi kona za visanduku ni kali sana. Mageti yangu yamekunjwa kona. Zilainishe kidogo."

Akageuza kiti chake taratibu, akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mama yake.

"Fundi," akasema, "hapo umesema neno."

Wiki mbili na nusu zilizobaki tulizimalizia kwenye kona.

Wacha nieleze kwa asiyejua. Kuna lugha inaitwa CSS. Kazi yake ni kuuambia ukurasa uvae nini: rangi gani, upana gani, herufi za unene gani. Ndani ya lugha hiyo kuna mstari mmoja wa kukunja kona. Unaandika border-radius, unaweka namba, umemaliza. Mstari mmoja! Mimi kukunja kona ya bomba ni moto, nyundo na jasho. Mtu amepewa mstari mmoja, na anautolea mahubiri kushinda askofu.

Mwalimu aliamini kona inasema tabia ya mwenye ukurasa. Sifuri, alisema, ni mahakama. Nne ni ofisi ya serikali siku imeamka vizuri. Kumi na mbili ni mtu wa heshima, anakukaribisha ndani lakini hasahau kwamba mmekuja kikazi. Thelathini anauza peremende. Nilimuuliza mia je. Akafunga macho, akasema, "Mia ni mtu ambaye hana kazi ya kuonyesha."

Hiyo namba, alinifundisha, ni nusu kipenyo cha duara. Kila kona ni robo ya duara imejificha ndani ya mraba. Akachora kwa penseli, akafuta, akachora tena. Nikamwambia hiyo hesabu naijua toka zamani, tena bila penseli: kwa karakana mimi napima kona kwa mkebe wa rangi. Ukitaka kona ndogo, mkebe wa robo lita. Ukitaka kubwa, mkebe wa lita. Unaweka mkebe kwa chuma, unazungusha chaki, unakunja. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliandika jambo hilo kwenye daftari lake, kwa mwandiko ulionyooka kama reli.

Hivyo ndivyo alivyokuwa: huwezi kumkasirikia ukamaliza. Alikuchosha asubuhi, halafu saa sita akakufanyia kitu cha heshima, na hasira yako ikabaki haina pa kukaa.

Kwa mfano, kusoma. Mimi nasoma polepole. Najua kusaini, najua vipimo, najua kusoma uso wa mteja kabla hajataja bei, lakini maandishi marefu huwa nasomewa. Siku ya kwanza alinisogezea skrini akasema soma huo mstari. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi huwa nasomewa."

"Mimi sikusomei," akasema.

"Niko na watu nimewaandika kazi ya kusoma."

"Hapa kwa hii meza uko peke yako. Soma. Herufi kwa herufi, hatuna haraka."

Tulikuwa na haraka! Kamati ilikuwa inakaa! Lakini alingoja. Akanywa chai yake ya rangi isiyo na sukari, akangoja mpaka nikafika mwisho wa mstari, na wale wengine darasani hakuna aliyethubutu kugeuza kichwa. Hakuwahi kunicheka. Nimefanya kazi na mainjinia wa digrii ambao wamenicheka, na mageti yao nimewafungia mimi.

Sasa njoo kwenye mambo ya kuzunguka meza. Kulikuwa na mama mwenye duka la nguo, familia yao walitoka Garissa miaka mingi iliyopita, mwanamke wa biashara kama mimi, hana mchezo. Alitaka picha za madira yake zikunjwe kona mbili tu, ya juu upande mmoja na ya chini upande wa pili, kama jani. Swali rahisi. Mwalimu akasimamisha darasa zima.

"Simameni. Zungukeni meza. Tunaanza juu kushoto, tunafuata mshale wa saa. Juu kushoto, juu kulia, chini kulia, chini kushoto. Gusa kila kona ukiitaja."

"Mwalimu, mimi nimeuliza kona mbili," mama akasema.

"Huwezi kujua mbili kama hujazunguka nne, mama."

Tukazunguka. Watu wazima! Mimi na kitambi changu, mama na buibui lake, kijana wa benki aliyekuja kujifunza jioni baada ya kazi, sote tunagusa kona kama watu wanaotafuta jini lililopotea. Raundi ya tatu mama akasema, "Wallahi hata mbuzi wa kuuzwa hazungushwi hivi."

"Mbuzi hahitaji kukumbuka," Mwalimu akamjibu.

Na ile meza yenyewe! Mtu anayehubiri kona laini, meza yake ilikuwa imepigwa ukingo wa chuma, kona nne kali kama shoka. Raundi ya nne ilinipasua mfuko wa suruali, suruali ya kitambaa, si jinzi. Nikamwambia kesho nakuja na grainda, dakika kumi, bure, nakulainishia zote. Akakataa.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Hii meza haiuzi kitu."

Nilikaa nikifikiria jibu hilo usiku kucha, na mpaka leo sijui kama lilikuwa hekima au kiburi.

Kukataa ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili. Nikisema Mwalimu alikataa, usidhani namaanisha alinikataa mimi peke yangu. Mchungaji mmoja alikuja anataka maneno ya ibada yawe yanawaka na kuzima. Mwalimu akamwambia, "Kanisa si kilabu, Mchungaji," na mchungaji akaondoka na hakurudi. Kabla yangu, mwanamke mmoja anayeleta nyanya kutoka Loitokitok alitaka picha ya kreti lake iwe ya mviringo kabisa. Mwalimu akamwambia kona za mraba zikikunjwa asilimia hamsini ni duara, lakini asilimia hamsini ya mstatili ni yai, na picha yako ni mstatili, nenda ukapige nyingine. Yule mama akasema nyanya zimeshauzwa. Mwalimu akasema basi tungoje msimu. Msimu! Alingoja kweli. Miezi mitatu baadaye mama akarudi na picha ya mraba, na nakubali ilikuwa inapendeza, nyanya zimejaa duara mpaka unataka kuuma. Lakini miezi mitatu, jamani.

Mtu huyo huyo, ukimkuta chini barabarani, ungedhani ni mwingine. Alikuwa mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, amekaa huku miaka zaidi ya thelathini, na Kimaasai alichojua ni salamu na asante. Alizitumia zote mbili kwa kila mtu. Wazee wanashuka kununua dawa za mifugo, yeye amesimama mlangoni na shati lake lililopigwa pasi mpaka mkunjo wa mkono ungekata mkate, anapaza sauti, "Sopa!"

"Ipa!" wanamjibu, wanacheka lafudhi yake.

Mzee mmoja alimwambia, "Mwalimu, wewe umesalimia miaka thelathini. Sasa ongea."

"Bado narudia somo la kwanza," akasema, na wazee wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta.

Chini mcheshi, juu jiwe. Ngazi kumi na nne tu katikati.

Kitu kingine, alikaa karibu sana na skrini. Pua karibu iguse kioo. Tukasema ni bidii. Alihesabu nukta za skrini kwa ncha ya penseli, midomo inacheza, na ukimwita hakusikii. Mimi nilikuwa naona mtu anapoteza wakati wangu.

Mzozo wetu mkubwa ulianza alipokunja kona kwa mara ya kwanza. Kisanduku kilikunjika, sawa, lakini picha ndani yake haikukunjika. Kona zake kali zilitokeza nje ya kisanduku kama viwiko vya shati lililochakaa. Nikasema, hii kazi ni mbovu. Akasema si mbovu, nimekunja sanduku, sijaliambia lifanye nini na kilicho ndani. Akaongeza mstari mwingine, overflow: hidden. Kinachozidi, fichwa. Na kweli, viwiko vikapotea, picha ikakaa ndani ya kona zake kama maji kwa sufuria.

"Mstari huu ni mzuri," alisema, "lakini ni kama askari mpya getini. Haulizi nani. Kilichozidi, anazuia."

Nilisikia, lakini sikusikiliza.

Tukaanza kugombana namba. Yeye kumi na mbili. Mimi nataka kona zionekane, mageti yangu yanajulikana kwa kona. Siku ya kumi akakubali kumi na nne, kwa uso wa mtu anayeuza shamba. Siku ya kumi na tano, kumi na sita. Nikihesabu siku, nahesabu kamati, naona mageti arobaini yanatembea kwenda kwa mtu mwingine. Ijumaa, kesho yake mkutano, nikachoka. Nikatoka karakana na mkebe wa rangi wa lita moja, mtupu, nikapanda zile ngazi, nikauweka juu ya kioo cha skrini yake, kwenye kona ya kisanduku.

"Hii," nikasema. "Nataka hii. Kona ya geti langu ndiyo hii."

Kijana wa benki akasema polepole, "Eeh, leo kuna mambo." Nilikuwa tayari. Nilikuwa na majibu yangu yote nimeyapanga.

Mwalimu akaushika mkebe. Akazungusha kidole kwenye mdomo wake, raundi nzima. Akapima kwa rula, akahesabu kitu, akaandika mia moja na tisini.

"Sawa, Fundi," akasema.

Basi. Sawa, Fundi. Niliangalia kwenye ile skrini pana, kona zikawa kubwa, za kupendeza, na namba yangu iko katikati pale chini, yote, safi. Nikafungua kwa simu yangu. Simu yangu ni ile inayofunguka kama kitabu, niliinunua makusudi, ikifunguliwa ni pana kama trei. Namba yote iko. Nikashuka ngazi nikijigamba. Nilimwambia muuza dawa za mifugo, nikawaambia mafundi wangu, nikamwambia mke wangu: yule mzee leo nimemkunja.

Jumamosi nikakaa na simu mkononi. Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Nilikula chakula cha mchana nimeiweka kando ya sahani. Saa kumi nikasema labda wamechelewa, watu wa kamati wanapenda maandazi. Jumapili kimya. Jumatatu asubuhi nikaenda kwa mwenyekiti mwenyewe.

Alinitazama kwa upole wake ule ule. "Fundi, tulikupigia. Tulitaka kukupigia. Angalia." Akafungua simu yake, simu ya kawaida, nyembamba kama za watu wote. Geti langu likatokea, zuri. Kona zikatokea, kubwa, zimeingia mpaka katikati. Na chini, mahali kisanduku kimejikunja kutoka pande zote mbili, namba yangu ilikuwa imekatwa. Sifuri ya mbele haiko. Tarakimu ya mwisho haiko. Kwa simu nyembamba namba ilijaza upana wote, na askari wa getini hakuuliza nani.

"Tulijaribu kila simu mkutanoni," mama akasema. "Zote hivyo hivyo. Mjumbe mmoja akasema mtu anayeficha tarakimu mbili za namba yake ana jambo. Nilikutetea kidogo. Kazi tumempa fundi wa Kiserian."

Fundi wa Kiserian! Mtu ambaye mageti yake yanalia kama punda yakifunguliwa!

Zile ngazi kumi na nne nilizipanda kwa hatua tano. Sitarudia yote niliyosema, darasa lilikuwa limejaa. Nilimwambia amekataa watu wote maisha yake yote. Amekataa mchungaji. Amekataa nyanya. Amekataa grainda ya bure. Na siku moja, siku moja tu ambayo ilifaa anikatae, ananiambia sawa, Fundi! Alikaa wima, mikono juu ya meza. Hakunikumbusha kwamba mkebe nilileta mimi. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi; angesema, ningepata pa kumshika.

"Naweza kuirekebisha sasa hivi," akasema. "Ni namba moja."

"Usiguse!" nikamwambia. "Usiguse tena kitu changu. Hata herufi moja."

"Nimesikia, Fundi."

Mama wa duka la nguo akajaribu kunishika mkono, "Ndugu yangu, punguza, huyu ni mtu mzima." Nikashuka.

Neno la siri la kuingilia ule ukurasa alikuwa nalo yeye peke yake. Sikumwendea. Mwaka mzima ukurasa ukakaa vile, namba imekatwa kichwa na mkia, na mimi nikisema ni mwiba nimeamua kubaki nao. Darasa likafungwa, pakawa saluni. Nikasikia Mwalimu amehamia Kajiado kwa binti yake anayefanya kazi ya kaunti. Nikasema vizuri, akawakunje huko.

Mwezi uliopita nikaitwa Kajiado kupima geti la ploti moja ya nyumba za kupanga. Nikaingia na futi yangu, naongea na mwenye ploti kwa sauti, mimi huwa naongea kwa sauti, nikasikia nyuma yangu:

"Fundi."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa tatu, juani. Shati limepigwa pasi. Uso ulinielekea lakini macho hayakunifikia, yalikuwa yanatazama mahali bega langu lilipoishia. Nikajua hapo hapo. Mtu anayepima vyuma anajua jicho linapotua.

"Toka lini, Mwalimu?"

"Ilianza zamani. Mwaka wa mwisho kule juu nilikuwa naona skrini kubwa nikiisogelea. Simu sikuwa naiona kabisa."

Nikamaliza hesabu mwenyewe, polepole, kama ninavyosoma. "Kwa hivyo ile siku ya mkebe..."

"Ningekukatalia, ungesema tufungue kwa simu tuone nani ana haki. Mbele ya darasa lote." Akanyoosha mkunjo wa shati ambao haukuhitaji kunyooshwa. "Nani angeleta ukurasa wake kwa mwalimu asiyeona? Nikasema sawa. Nikaomba iwe sawa."

Nilitaka kupiga kelele. Kwa haki kabisa, nilitaka. Mageti arobaini, mzee! Ungesema tu! Ningekushikia simu mimi mwenyewe! Lakini binti yake alikuwa ametoka na kiti changu, akasema, "Ndiye huyu? Huyu ndiye fundi wa namba?" Akanigeukia. "Kila Jumapili baada ya kanisa ananifungulisha ukurasa wako. 'Angalia kama namba ya Fundi imetoka yote.' Namwambia bado, Baba. Wiki hamsini na kitu tunaimba wimbo huo."

"Mwalimu," nikasema, na hapa nilikuwa nimechoka naye kuliko siku zote za maisha yangu, "neno la siri uko nalo. Huyu binti yako anaona. Mbona hamkurekebisha?"

"Uliniambia nisiguse hata herufi moja."

Jamani. Mtu amenitii mara mbili maishani, na mara zote mbili nilihitaji anikatae.

"Basi sasa nakuambia gusa."

"Sigusi. Neno ni neno." Akamwambia binti alete laptopu, akaniwekea mimi magotini. "Andika wewe."

Akanitajia neno la siri kutoka kichwani, herufi kwa herufi, nikaandika kwa kidole kimoja. Ukurasa wa ndani ukafunguka, mistari imejaa mpaka chini. Akasema soma. Binti yake akainama anisaidie, Mwalimu akainua kiganja, binti akarudi nyuma. Nikasoma. Nilisoma mstari wa kwanza, wa pili, mwenye ploti amesimama pale na futi yangu mkononi, jua linanichoma kichwa, na Mwalimu ameinamisha sikio anangoja. Mstari wa kumi na tisa nikaipata. Mia moja na tisini.

"Futa," akasema.

Nikafuta. Nikaweka kumi na mbili. Nikahifadhi. Binti akafungua kwa simu yake nyembamba, akaigeuza tuone. Geti, maneno, kona ndogo za mtu wa heshima, na chini pale sifuri, na zile zote, mpaka ya mwisho.

"Imetoka, Baba. Yote."

Mwalimu akanyoosha mkono. Akachukua ile simu, akamwambia binti aguse namba kwa kidole, akaiweka sikioni. Simu yangu ikaanza kulia mfukoni, na yeye amekaa mita moja kutoka kwangu. Nikamwangalia tu.

"Pokea," akasema. "Mteja hangojeshwi."

Nikaifungua ile trei yangu, nikapokea.

"Hallo," akasema kwenye simu, kwa ile sauti yake ya darasani, amegeuza uso upande wa ukuta kama mtu ambaye hanijui. "Naongea na fundi wa mageti?"

"Ndiye."

"Nimekutafuta mwaka mzima."

Nimewauzia mageti majenerali wastaafu. Sijawahi kukosa neno la kumwambia mteja.

"Hallo?" akasema. "Mbona humjibu mtu?"